Siku Moja Malindi: Mwongozo wa Kutembelea Kanisa la Wareno na Mji Wake

Kanisa la Wareno pale Malindi ni dogo mno. Wageni wengi huingia, wakapiga picha mbili, wakatoka kabla ya dakika kumi kuisha, kisha wakirudi Watamu au Mombasa husema hawakuona kitu. Siwalaumu. Ukilitazama peke yake, ni chumba kimoja cha mawe chenye paa la makuti, na makaburi nje. Lakini kanisa hili ni kituo kimoja tu kati ya vinne au vitano vilivyopangana kando ya bahari, ambavyo mtu mwenye miguu mizima huvipita vyote asubuhi moja. Ukivifuata kwa mpangilio unaofaa, vinasimulia kisa kimoja: namna Malindi ilivyomfungulia mgeni mlango, na yaliyoupata mji baada ya hapo.

Mwongozo huu ni wa anayetoka Mombasa, Kilifi au Watamu asubuhi na kurudi jioni. Anayetoka Lamu, njia ya Mokowe, Witu na Garsen ni ndefu; huyo apange kulala Malindi.

1. Chagua siku kabla ya kuchagua gari

Miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi, ni mikavu na ina jua la kuunguza. Masika ya Aprili na Mei huleta mvua na matope vichochoroni, ingawa mji huwa mtulivu na huna wa kusukumana naye. Mimi napenda Julai na Agosti: upepo wa kusi unavuma, jua si kali sana, na unaweza kutembea hata saa sita bila kutafuta kivuli kila hatua kumi.

Siku ya wiki nayo ni muhimu. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa saba u nusu, eneo la msikiti hujaa waumini, na si wakati wa mtalii kuzungukazunguka na kamera. Ukilazimika kwenda Ijumaa, maliza upande huo kabla ya saa tano. Katika Ramadhani, mikahawa mingi ya mji wa kale hufungwa mchana, lakini jioni magharibi ikiingia utakula vitu ambavyo miezi mingine huvipati kwa wingi huo. Anayeweza kulala usiku mmoja, Ramadhani ndiyo bora kupita zote.

Ukitaka na kuogelea, uliza kwanza hali ya maji. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta udongo hadi baharini na maji ya ghuba hubadilika rangi yakawa ya kahawia. Si uchafu, ni udongo wa bara, ila picha zako hazitafanana na zile za kalenda.

2. Vya kubeba

Kitambulisho cha taifa, kwanza kabisa. Kiingilio cha makumbusho kina bei tofauti kwa raia, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, na bila kitambulisho unaweza kujikuta unabishana na karani asiye na kosa lolote. Malipo hufanywa kwa simu kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji, na M-Pesa ina kitu. Noti ndogondogo ni za tuktuk, madafu na viazi.

Mavazi: suruali au sketi inayopita magoti, shati lenye mikono. Wanawake wabebe leso moja ya ziada. Itafunika mabega karibu na msikiti, itakuwa mkeka mkikaa ufuoni, na itakinga jua saa nane. Viatu viwe vya kutembea, maana mwamba wa ufuo ni mkali na kandambili nyembamba hukatika.

3. Kufika

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Ramani itakwambia saa mbili. Foleni ya Mtwapa itakwambia jambo jingine. Ondoka alfajiri, saa kumi na mbili hivi, nawe utakuwa Malindi kabla watu hawajamaliza chai. Kaa upande wa kulia wa gari. Ukivuka daraja la Kilifi utaona mkono wa bahari ukifunguka chini yako, na hiyo ni sehemu nzuri kuliko zote za safari.

Anayetoka Watamu apande gari hadi njia panda ya Gede, kisha achukue la Malindi hapo. Ni mwendo mfupi.

Ukishuka stendi, vijana wa tuktuk na bodaboda watakuzunguka. Usikubali kupakiwa kabla ya kuuliza. "Kaka, hadi Mnara wa Vasco ni pesa ngapi?" inatosha, na uulize wawili. Mtu akikuanza kwa "ciao" usishangae: Waitaliano wameishi Malindi kwa miongo mingi, na vijana wengi wa ufuoni wanazungumza Kitaliano kuliko wanavyozungumza Kiingereza. Mjibu "salama" na bei hushuka yenyewe.

4. Kunywa chai kwanza

Usianze na njaa. Mikahawa iliyo karibu na soko hupika mahamri asubuhi, na mbaazi za nazi huwa bado moto. Agiza mahamri mawili, bakuli la mbaazi, chai ya tangawizi. Chakula hicho kitakubeba hadi saa saba.

5. Anzia mwisho: mnara

Wengi huanzia mjini wakasogea kusini kuelekea mnara, wakafika huko saa sita jua likiwa utosini, pahali pasipo na kivuli. Fanya kinyume. Chukua tuktuk hadi mnarani kwanza, kisha urudi mjini kwa miguu, ukipita kanisani njiani. Utatembea ukienda kwenye vivuli, maji ya kunywa na chakula.

Tiketi ikatwe mapema. Makumbusho ya Taifa ya Kenya husimamia mnara, kanisa na makumbusho ya mji, na tiketi moja hutumika kote. Mwulize karani akuhakikishie, na usiifute ile risiti ya simu.

Mnara umesimama kwenye rasi, juu ya mwamba wa matumbawe unaoliwa na mawimbi. Mnara wenyewe, wa umbo la pia na uliopakwa chokaa, si kazi ya Vasco da Gama, yule nahodha wa Kireno. Ulijengwa karne ya 19 kuukinga usianguke. Cha kale ni msalaba ulio juu, wa jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Lisbon, wenye ngao ya Ureno. Na hata huo haukusimama hapa tangu mwanzo. Ulisimikwa kwanza karibu na makazi ya mtawala, watu wa mji wakachukizwa na msalaba kusimama mahali pale, ukaja kuhamishiwa rasini.

Hapa ndipo pa kuelewa upepo, na bila upepo kisa chote hakieleweki. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hakupokewa vizuri. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mtawala wa Malindi aliona mgeni mwenye mizinga ana faida. Akampa chakula, na akampa rubani. Tarehe 24 Aprili wakatweka, kusi ya kuwasukuma kuelekea Uhindi ikiwa imeanza, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, Uhindi: siku 26. Kurudi, da Gama hakungoja kaskazi ishike sawasawa. Alivuka kuanzia Oktoba, wakati pepo zilikuwa zinabadilika, na safari ile ile ikamla karibu miezi mitatu. Mabaharia walikufa kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki walipofika Malindi Januari 1499 jambo la kwanza walilolilia ni machungwa. Kapteni alituma watu pwani kuyaomba. Malindi ikawapa, na safari hiyo ndiyo msalaba ulipoachwa.

Mtembezaji atakwambia rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali; wanasema rubani alikuwa Mgujarati. Msikilize tu mtembezaji, ila usiende ukaiandika kwenye mtihani.

Kuhusu picha: jua la asubuhi hutoka baharini, kwa hiyo ukipiga ukitazama maji, mnara utatoka mweusi kama mkaa. Sogea pembeni upige ubavuni. Siku za bamvua, maji yakijaa, usishuke kwenye miamba ya chini hata ukiona vijana wanashuka. Wao wanaijua.

6. Kanisa

Kutoka mnarani rudi barabarani, ufuate njia ya kando ya bahari kuelekea mjini. Si mbali. Kanisa liko upande wa bahari, ndani ya ua, na ni rahisi kulipita bila kuliona kwa sababu halina mnara wala kengele ya kujitangaza. Ukiona paa la makuti lenye mteremko mkali juu ya kuta nyeupe fupi, na misalaba ya makaburi, umefika.

Usiingie moja kwa moja. Zunguka nje kwanza, uanze na ukuta. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka uweke jicho karibu. Utaona ukuta haukujengwa kwa jiwe la kuchongwa vizuri bali kwa vipande vya matumbawe vya kila umbo, vingine vikiwa bado na vijitundu na mistari ya mdudu wa baharini aliyeishi humo, vyote vikashikwa na chokaa. Na chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo hadi yakawa unga. Yaani ukuta mzima ni bahari, nusu mbichi na nusu iliyopikwa. Mreno alileta msalaba wake kutoka Lisbon, lakini alipotaka nyumba ya kusalia alijengewa kama Waswahili walivyojenga misikiti na majumba yao. Fundi alikuwa mmoja.

Kisha tazama juu. Paa la makuti ni la juzi ukililinganisha na kuta. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti, yakashonwa, yakapangwa safu juu ya safu kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke, na baada ya miaka michache huoza yakabadilishwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kanisa lina miaka karibu 500, mwulize sehemu gani.

Sasa makaburi. Kanisa lilijengwa karne ya 16, wakati Wareno walikuwa na kituo chao hapa, na linahusishwa na mtu mmoja mashuhuri, Fransisko Ksaveri, padri kutoka Navarra, Hispania, aliyekuja kutangazwa mtakatifu mwaka 1622. Mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi ikielekea Goa, Uhindi. Mtu mmoja aliyekuwa ndani ya meli alikuwa amefariki, na Ksaveri akamzika hapa. Makaburi mengine unayoyaona yenye maandishi ya kusomeka ni ya baadaye sana, ya enzi za Waingereza. Usikanyage mawe, na usikalie kaburi kufunga kiatu. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Barua aliyoandika Ksaveri baadaye mwaka huo huo ina habari ambayo, kwangu, inalifanya kanisa hili lizungumze. Anasema Waislamu wa Malindi walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika maiti wao. Kisha mzee mmoja mkubwa wa mji akamwuliza: huko kwenu, makanisa yanajaa? Watu wanasali? Kwa sababu hapa kwetu, akasema, ibada imepungua. Mji una misikiti 17, na inayohudhuriwa ni mitatu tu. Mzee alikuwa na huzuni na jambo hilo, akitaka kujua kama nao Wakristo limewapata.

Hebu simama hapo mlangoni uwafikirie wawili hao. Mmoja amekuja kubadilisha dini za watu, mwingine ni mwenyeji wa dini aliyoizaliwa, na wanachoongea ni kile kile wazee wanachoongea barazani hadi leo: vijana hawaji msikitini. Ksaveri alijibu kipadri, kwamba Mungu hapokei sala za wasioamini. Jibu hilo limezeeka vibaya. Swali la mzee ndilo lililobaki.

Baada ya hapo ingia ndani. Vua kofia, zima sauti ya simu. Ni pahali pa ibada, na misa husomwa humo mara mojamoja. Ukikuta watu wanasali, ngoja nje kivulini. Ndani pana ubaridi hata saa tano, kazi ya kuta nene na makuti. Kaa kidogo, usiwe na haraka ya kupiga picha. Nusu saa kwa kanisa lote, nje na ndani, ni kipimo kizuri.

Una watoto? Wape kazi: watafute kaburi lenye mwaka wa zamani zaidi wanaoweza kuusoma. Hawatakusumbua.

7. Msikiti na makaburi ya mnara

Endelea kaskazini kando ya maji hadi mtaa wa Shela. (Wapo wageni wanaoichanganya Shela hii na ile ya Lamu, ni mbili tofauti.) Hapo uko Msikiti wa Ijumaa, na ubavuni mwake yako makaburi ya mnara, moja likiwa na nguzo ndefu iliyosimama tangu karne ya 14 au ya 15. Maana yake ni kwamba nguzo hii ilikuwapo tayari da Gama alipotia nanga. Ndiyo kitu cha zamani kuliko vyote utakavyoviona leo, na wengi hupita wakidhani ni sehemu ya ukuta.

Makaburi ya namna hii ni kazi ya Waswahili wenyewe, utayakuta kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania. Kaburi la mtu mkubwa huzungushiwa ukuta wenye paneli za kuchongwa, na nguzo ikainuliwa kichwani.

Msikiti unatumika. Asiye Mwislamu asiingie, na Mwislamu naye aingie kwa kusali. Makaburi unaweza kuyaona ukiwa nje. Ukimkuta mzee amekaa pale, msalimie kwanza: "Shikamoo mzee. Naomba kuangalia makaburi, naruhusiwa?" Mara nyingi atasimama akuonyeshe mwenyewe, na utapata habari ambazo hazimo kwenye kibao chochote. Kina mama wenye mabuibui wanaopita, usiwaelekezee kamera bila ruhusa.

Mwaka 1415 mji huu, uliokuwa na watawala wake, misikiti yake na makaburi yake ya mnara, ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Mnyama mzima, kwa meli. Wachina walishangilia kwa sababu walidhani ni yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Miaka 80 na ushei kabla ya Wareno, Malindi ilikuwa tayari inajua kupokea wageni na kuwaaga na zawadi.

8. Nyumba ya Nguzo

Hatua chache mbele ni makumbusho ya mji, katika jengo linaloitwa Nyumba ya Nguzo kwa ajili ya zile nguzo za mviringo za mbele. Limejengwa mwishoni mwa karne ya 19. Ingia kupoza mwili na kujaza pengo la kisa.

Pengo lenyewe ni hili: urafiki wa Malindi na Mreno ulizaa nini? Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamishia nguvu zao huko, na mtawala wa Malindi akawafuata akawekwa kuitawala Mombasa. Alishinda ugomvi wake wa zamani, lakini mji wake ukabaki mtupu. Watu wakapungua, msitu ukaingia, na kwa muda mrefu Malindi ikawa magofu. Iliamshwa tena mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ikawa ghala la mtama na ufuta. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na habari hiyo usiiruke ukiikuta ukutani.

9. Chakula na jua la saa saba

Sasa kaa. Mji wa kale una mikahawa ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, pilau, biriani siku ya Ijumaa. Chagua penye foleni ya wafanyakazi wa mjini na si penye menyu ya lugha nne. Juisi ya ukwaju ikiwepo usiiache. Anayetaka piza au aiskrimu ya Kitaliano atapata nzuri kwa kweli, lakini kwa bei ya kitalii.

Usitembee kati ya saa saba na saa tisa. Hata paka wa Malindi hawatembei.

10. Mji, bila ramani

Jua likipungua, ingia vichochoroni. Hapa sikupi hatua, kwa sababu mji wa kale si mkubwa na ukipotea utatokea baharini au sokoni. Tazama milango, tazama mabaraza ya nje ambako watu hukaa jioni. Nunua viazi karai vya moto, achari ya embe ikiwa msimu, na halwa ya kupeleka nyumbani. Kuhusu vinyago, fika kwanza kwenye maduka ya wachongaji wenyewe kabla ya yale ya ufuoni.

Pita pia kwenye bustani iliyo na sanamu ya Mekatilili wa Menza. Ilizinduliwa Oktoba 2010. Wengi wanaokuja kwa kanisa na mnara hawafiki, na mimi naona safari yao haijakamilika. Mwaka 1913 mama huyu wa Kigiriama alizunguka akiwalisha watu kiapo wasilipe kodi ya Mwingereza na wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa, akapelekwa Kisii upande wa pili wa nchi, akatoroka. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni. Asubuhi umeona msalaba wa aliyekaribishwa. Hapa unamwona aliyesema hapana. Kutoka sanamu hii hadi mnara ule, kwa tuktuk, ni dakika chache tu.

11. Je, na Gede?

Swali hili huulizwa kila mara. Gede iko takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, ni mji mzima wa magofu ndani ya msitu, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, na hakuna maandishi yao yanayoutaja. Pahali kama hapo panataka siku yake. Ukiubana ndani ya safari hii utaona vyote nusunusu. Kama huna siku nyingine kabisa, shuka Gede asubuhi ukitoka Mombasa, uende Malindi saa tano, na uache makumbusho.

Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, ni chaguo jingine kwa anayelala. Ina kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za kaure za Uchina, na mwaka 2010 watafiti wa Kenya na Uchina walipata karibu na hapo sarafu ya Kichina ya mwanzoni mwa karne ya 15. Lile suala la twiga likakaa sawa.

12. Kurudi

Kuwa stendi saa kumi na moja jioni. Magari ya Mombasa hupungua giza likiingia, na siku za sikukuu au Jumapili jioni nauli hupanda bila aibu. Lipa ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama mlangoni na mtu amekushikia begi. Ukikosa gari la moja kwa moja, panda la Kilifi ubadilishe pale, huwa hayakosekani. Halwa ishike mkononi, usiiweke chini ya kiti karibu na injini.